Jengo lenye walinzi wengi nalo huungua

Alfajiri ya Jumapili, 2 Januari 2022, moshi ulianza kufuka kwenye majengo ya Bunge la Afrika Kusini mjini Cape Town. Siku moja tu kabla, hatua chache kutoka hapo, taifa lilikuwa limemuaga Askofu Mkuu Desmond Tutu katika Kanisa Kuu la Mtakatifu George. Askari wa zimamoto wa jiji walifika dakika chache baada ya kuitwa na kukuta moto umeshashika kasi. Vinyunyizi vya maji vilikuwepo darini, na mabomba yake yalikuwepo. Vali zinazoyaruhusu maji yapande zilikuwa zimefungwa. Ripoti ya awali ya zimamoto ya jiji ilieleza kwamba vali hizo zilifanyiwa matengenezo mara ya mwisho mwaka 2017, na kwamba milango ya ngazi za dharura, ambayo kazi yake ni kujifunga na kuzuia moshi, ilikuwa imeshikizwa ikabaki wazi.

Jengo hilo lilikuwa na kila kitu ambacho jengo nyeti la serikali hujivunia: uzio, mageti, kamera, polisi wa zamu. Kamera zilimnasa mtu akizunguka ndani usiku ule, lakini walinzi walikuja kumwona kwenye skrini moto ukiwa umeshawaka. Machi 2021, chini ya mwaka mmoja kabla, hitilafu ya umeme ilikuwa imewasha moto mdogo kwenye majengo hayohayo, kwa hiyo onyo halikukosekana. Moto wa Januari ulidhibitiwa, ukaibuka upya Jumatatu yake, na ukumbi wa Bunge la Taifa ukabaki magofu. Februari, Rais Cyril Ramaphosa alilihutubia taifa kutoka ukumbi wa jiji. Hakuna aliyepoteza maisha, jambo la kumshukuru Mungu. Mtu aliyekamatwa alifikishwa mahakamani, na baadaye mahakama ikaona hali yake ya akili haimruhusu kujibu mashtaka. Mjadala wa nani aliwasha moto ulichukua nafasi kubwa magazetini. Swali la nani alipaswa kukagua vali kwa miaka minne lilipita harakaharaka.

Swali hilo la pili ndilo lenye uzito kwa yeyote anayejenga, anayelinda au anayegharamia kwa kodi yake ikulu, bunge, benki kuu, makao makuu ya jeshi, gereza, masijala ya siri au kituo cha data cha serikali. Majengo ya namna hii yamo hatarini kwa sababu ileile inayoyafanya yaonekane salama. Usiri wake humzuia mkaguzi. Milango yake humchelewesha askari wa zimamoto. Hofu ya maji kuharibu nyaraka humfanya mwenye jengo aukatae mfumo ambao ungeziokoa. Ofisa usalama na mhandisi wa moto hukutana wakati jengo limeshapauliwa, kila mmoja akiwa na mchoro wake, na mmoja kati yao anaambiwa amechelewa. Karibu kila mara anayeambiwa hivyo ni mhandisi wa moto.

Sehemu ya tatizo imeletwa na sinema. Watu wameona filamu ambamo jambazi anawasha kiberiti chini ya kinyunyizi kimoja, na maji yanamwagika jengo zima kama mvua ya masika. Vinyunyizi vya kawaida havifanyi kazi hivyo. Kila kimoja kina kichupa kidogo cha kioo chenye kioevu ndani, na kioevu kikipata joto hutanuka na kukipasua kichupa. Kile chenye kioevu chekundu, kinachoonekana kwenye dari za hoteli na ofisi nyingi, hupasuka kwenye nyuzijoto 68. Kilicho juu ya moto ndicho kinachopasuka. Vya chumba cha pili vinabaki vimetulia, na mara nyingi kimoja au vichache tu vinatosha kuubana moto hadi askari wafike. Kinyunyizi kimoja humwaga kiasi cha lita 60 hadi 100 kwa dakika. Mpira mmoja wa zimamoto humwaga mara kadhaa ya hizo, na mtu anayeushika haoni vizuri anapoelekeza, kwa sababu moshi umemfunika. Teknolojia hii si ngeni hata kidogo. Frederick Grinnell alipata hataza ya kinyunyizi chake huko Marekani mwaka 1881.

Hata hivyo, hofu ya maji haijawahi kuisha, na kisa cha St. Louis, jimbo la Missouri, kinastahili kusimuliwa kirefu, maana kila ofisa masijala atajiona ndani yake.

Katika miaka ya 1950, serikali ya Marekani ilijenga huko kituo cha kuhifadhia majalada ya wanajeshi wake. Msanifu alikuwa Minoru Yamasaki, ambaye baadaye alisanifu majengo pacha ya World Trade Center jijini New York. Jengo lilikamilika mwaka 1956, la ghorofa sita, kila moja ikiwa na urefu wa zaidi ya mita 220 na upana wa mita 86 hivi. Kabla ya ujenzi wataalamu walibishana. Wapo waliotaka vinyunyizi viwekwe, na wapo waliohofia kwamba bomba likivuja karatasi zitaloa na kuoza. Waliohofia maji ndio walioshinda. Sehemu za kuhifadhia majalada hazikuwekewa vinyunyizi, wala kuta za kuzuia moto za kuigawa ghorofa vipandevipande. Ghorofa nzima ikawa chumba kimoja kikubwa cha karatasi, kikiwa na milango ya kudhibiti watu na bila chochote cha kudhibiti mwali.

Saa 6:16 usiku wa 12 Julai 1973 simu ya kwanza iliingia zimamoto. Magari yalifika katika muda usiozidi dakika tano. Askari walipanda hadi ghorofa ya sita, wakapambana, lakini ilipotimu saa 9:15 alfajiri joto na moshi vikawatoa. Kuanzia hapo kazi ikawa ya kumwaga maji kutoka nje, usiku na mchana, hadi 16 Julai. Majalada kati ya milioni 16 na milioni 18 yaliangamia, yakiwemo takriban asilimia 80 ya kumbukumbu za askari wa jeshi la nchi kavu walioacha utumishi kati ya 1912 na 1960. Nakala hazikuwepo. Hata orodha ya kuonyesha jalada la nani lilikuwa rafu ipi haikuwepo. Chanzo cha moto hakikujulikana kamwe.

Kilichofuata ndicho kinachouma zaidi. Maji yaliyomwagwa kwa siku zote hizo yalishuka ghorofa kwa ghorofa hadi chini, yakaloanisha majalada ambayo moto haukuyagusa, na katika joto la Julai ukungu ukaanza kuota kwenye karatasi. Ili kuokoa takriban majalada milioni 6.5 yaliyoungua kingo au kulowa, wahifadhi waliyapakia kwenye kreti za plastiki za kubebea maziwa na kuyapeleka kwa kampuni ya ndege ya McDonnell Douglas, iliyokuwa na chumba cha ombwe. Chumba hicho kilimeza kreti kama 2,000 kwa mkupuo, na kila mkupuo ulitoa karibu tani 8 za maji kwenye karatasi. Wale waliokataa vinyunyizi kwa kuogopa matone walilipa kwa mafuriko. Miongo mingi baadaye, wastaafu na wajane wameendelea kuthibitisha utumishi kwa kuunganisha hati za mishahara na kumbukumbu nyingine za pembeni, kwa sababu jalada lenyewe liligeuka majivu.

Siku hizi mabishano yale hayana msingi tena. Kwa masijala na vyumba vya kumbukumbu upo mfumo wa hatua mbili: mabomba yaliyo juu ya rafu hukaa na hewa bila maji, na vali haifunguki mpaka vitambuzi vya moshi vithibitishe kuna moto. Hata ikifunguka, maji hayatoki hadi kichupa cha kioo nacho kipasuke kwa joto. Fundi akigonga kinyunyizi kwa ngazi yake, hakuna jalada litakaloloa. Mtu mwenye nia mbaya akifukiza moshi wa sigara chini ya kitambuzi, vilevile hakuna jalada litakaloloa. Kwa hiyo ofisa usalama anayeuliza kama mfumo unaweza kuchezewa ili kuharibu ushahidi anauliza swali halali, na jibu lipo. Ipo pia mifumo ya ukungu wa maji, inayotumia shinikizo kubwa kutoa matone madogo sana na kuzima moto kwa maji kidogo kuliko vinyunyizi vya kawaida. Jambo la kukataa ni kuacha chumba kitupu kwa hoja ya kwamba karatasi na maji havipatani.

Kwa vyumba vya seva, mitambo ya mawasiliano na hazina za siri, wahandisi wengi hupendelea gesi. Hapa inafaa kwenda polepole, kwa sababu gesi inaokoa mitambo lakini inaweza kumuua mtu.

Kwa miaka mingi mfalme wa vyumba hivi alikuwa haloni. Ilizima moto kwa ufanisi mkubwa na haikuacha unyevu, lakini ilitoboa tabaka la ozoni. Chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987, nchi tajiri ziliacha kuizalisha mwaka 1994, na nchi zinazoendelea mwaka 2010. Zikaja gesi za HFC, ambazo haziumizi ozoni, ila zile zinazotumika sana kuzimia moto hupasha dunia joto mara maelfu kuliko uzito uleule wa kaboni dayoksaidi. Uamuzi wa kuzipunguza ulifikiwa hapahapa Afrika Mashariki, mjini Kigali, Oktoba 2016. Mshitiri wa serikali anayesaini leo mkataba wa mfumo wa HFC kwa jengo litakalotumika miaka 50 anajifunga kununua bidhaa ambayo itazidi kuadimika na kupanda bei. Gesi zinazotokana na hewa yenyewe hazina mzigo huo. Mojawapo ni mchanganyiko wa asilimia 52 za naitrojeni, asilimia 40 za agoni na asilimia 8 za kaboni dayoksaidi. Inashusha oksijeni hadi kiwango ambacho moto haustahimili ilhali mtu anaweza kuendelea kupumua kwa muda wa kutoka. Gharama yake ni nafasi: inahitaji mitungi mingi, na mitungi inahitaji chumba chake, ambacho kama hakikuchorwa mwanzoni hakipatikani.

Kaboni dayoksaidi peke yake ni hatari ya wazi. Kwa kiwango kinachotosha kuzima moto chumbani, inamwangusha na kumuua aliyemo. Isiwekwe kabisa pale ambapo watu hufanya kazi. Hata mifumo mingine inahitaji heshima. Machi 2016, kwenye makao makuu ya benki moja kubwa jijini Bangkok, mafundi walikuwa wakiboresha mfumo wa kuzima moto katika chumba cha chini cha kuhifadhia nyaraka. Mfumo ukafyatuka nao wakiwa ndani, na watu 8 wakafa. Hapakuwa na moto. Chumba kilichozibwa ili kisiibiwe kilizuia na hewa.

Zipo hasara ambazo msanifu hawezi kuziotea asipozijua. Septemba 2016, kituo cha data cha benki ya ING mjini Bucharest kilifanya jaribio la mfumo wake wa gesi. Gesi ilitoka kwa mlio mkali mno kupita ilivyotarajiwa, na mtikisiko wa sauti hiyo ukaharibu diski za kompyuta. Huduma za benki zikalala kwa saa nyingi. Tangu hapo watengenezaji wameuza midomo ya mabomba inayopunguza mlio, na mhandisi makini huitaja kwenye zabuni kwa maandishi. Asipoitaja, mkandarasi ataleta ya bei rahisi.

Gesi pia ina mpaka wake, na mpaka huo uliandikwa kwa herufi kubwa huko Korea Kusini. Tarehe 26 Septemba 2025, moto ulizuka kwenye kituo cha data cha serikali mjini Daejeon, kwenye betri za lithiamu zilizokuwa zikihamishwa. Betri za aina hii zikishaanza kuungua zinazalisha joto lake zenyewe ndani kwa ndani; kuondoa oksijeni chumbani hakuzizimi, na zinaweza kuwaka upya baada ya kuonekana zimepoa. Ilibidi zitolewe na kuzamishwa kwenye matangi ya maji. Mifumo 709 ya serikali ilisimama, na hifadhi ya mtandaoni ya watumishi wa umma yenye terabaiti 858 ikapotea moja kwa moja kwa kuwa haikuwa na nakala mahali pengine. Nchi inayosifiwa duniani kwa serikali mtandao iligundua kwamba betri zilikuwa zimewekwa karibu mno na seva. Serikali za ukanda huu, ambazo zinahamishia kwenye seva ardhi, vitambulisho, kodi na mishahara, zinafunga betri za aina hiyohiyo kwa sababu umeme hukatika. Betri hizo zikae chumba chake, chenye ukuta wa kuzuia moto na maji ya kutosha, mbali na mashine zinazolindwa nazo.

Milango nayo ina hesabu yake, na hapa makosa hulipwa kwa roho za watu.

Usiku wa kuamkia 7 Desemba 2021, moto uliwaka katika gereza kuu la Gitega, Burundi. Gereza lilijengwa kwa watu 400 na lilikuwa na zaidi ya 1,500. Serikali ilisema chanzo ni hitilafu ya umeme, na ikatangaza vifo 38. Gereza ni jengo la serikali lenye ulinzi mkali kuliko yote, na waliomo hawana hiari ya kukimbia. Anayewafungia ndiye aliyebeba jukumu la kuwafungulia. Kwa gereza hakuna anayedai milango ifunguke yenyewe kengele ikilia. Kinachodaiwa ni mabweni yaliyogawanywa ili moshi wa moja usiingie la pili, njia ya pili ya kuwahamishia watu kwenye uwanja mwingine ndani ya uzio uleule, magodoro yasiyoshika moto kirahisi, na mlinzi mwenye ufunguo aliyefanya zoezi hilo gizani.

Kwa ofisi za kawaida zenye milango ya kadi na komeo za sumaku, kanuni ni nyepesi zaidi: kengele ya moto ikilia au umeme ukikatika, komeo liachie upande wa kutokea. Maofisa usalama hulipinga hili, na wana sababu. Mwizi anaweza kuwasha kengele ili milango ifunguke. Suluhisho linachorwa: njia ya dharura inaishia kwenye eneo la kukusanyikia lililozungushiwa uzio, lenye kamera na mlinzi, ambapo watu wanakuwa salama na moto lakini hawajatoka nje ya himaya ya ulinzi. Kwa siku zisizo na moto, kanuni za Marekani zinaruhusu mlango wa dharura uchelewe sekunde 15 baada ya kusukumwa, huku ukipiga kelele, ili mlinzi awahi kufika. Kengele ya moto ikilia, ucheleweshaji huo unafutika. Mnyororo na kufuli kwenye mlango wa dharura, kitu kinachoonekana katika ofisi nyingi za umma kuanzia saa kumi jioni, havina nafasi kwenye mchoro wowote.

Na wazimamoto wageni? Hofu ya kuwaingiza watu wasiokaguliwa kwenye vyumba vya siri ni ya kweli, na historia inaithibitisha. Agosti 1977 moto uliunguza ghorofa za juu za ubalozi wa Marekani mjini Moscow. Waliokuja kuuzima walikuwa askari wa zimamoto wa Kisovieti, na Wamarekani waliamini kwamba baadhi yao walikuwa maofisa wa ujasusi wa KGB waliovaa sare za zimamoto. Machi 1991 ubalozi huohuo uliungua tena, na malalamiko yakawa yaleyale. Watu wa usalama hukitumia kisa hiki kuonyesha kwa nini zimamoto wabaki getini. Kinaonyesha zaidi kwa nini chumba cha siri kinahitaji kujizima chenyewe. Kinyunyizi hakisomi jalada, na gesi haipigi picha ramani. Mfumo wa kujiendesha unaoubana moto katika dakika zake za kwanza ndio unaomwezesha ofisa usalama kuwapokea askari kwa utaratibu, baada ya hatari kupungua, badala ya kuwafungulia kila mlango huku dari likidondoka. Anayetaka siri zake zisiguswe na mikono ya wengine ana haja na mfumo huo kuliko meneja wa hoteli.

Afrika Mashariki haihitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi. Tarehe 7 Agosti 2013, jengo la kuwasili wasafiri wa kimataifa katika Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, liliteketea. Ni miongoni mwa maeneo yanayolindwa sana nchini Kenya, na siku hiyo yalitimia miaka 15 tangu ubalozi wa Marekani mjini humo ulipolipuliwa, hivyo fikra za wengi zilikwenda kwa magaidi. Uchunguzi ulielekeza kwenye hitilafu ya umeme. Waandishi waliokuwepo waliripoti uhaba wa maji na askari wakipokezana ndoo. Desemba 2018, siku 10 kabla ya tarehe iliyopangwa ya uchaguzi, ghala la tume ya uchaguzi mjini Kinshasa liliungua pamoja na mashine za kupigia kura kama 8,000 kati ya 10,000 zilizotengwa kwa jiji hilo, na upigaji kura ukasogezwa hadi 30 Desemba. Septemba 2020, Jengo Kuu la Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, liliwaka usiku, na moto ukaanzia juu, kwenye paa.

Tanzania inajenga. Mji wa Serikali wa Mtumba, Dodoma, unapokea wizara zake kwenye majengo ya kudumu, na kujenga upya kutoka msingi ni bahati ambayo wenye majengo ya kikoloni hawanayo. Lakini Dodoma ni nchi kame, na sehemu kubwa ya maji yake hutoka visima vya Mzakwe. Mfumo wa vinyunyizi usiotegemea tangi lake lenyewe utakuwa mapambo. Pampu ya lita 2,000 kwa dakika ikitakiwa kufanya kazi kwa saa moja inahitaji lita 120,000 ambazo hazichotwi kwa bustani wala vyoo. Mafundi wa mabomba wanajua namna ya kulihakikisha hilo bila kumwamini mtu yeyote: bomba la matumizi ya kawaida linatobolewa juu kwenye ubavu wa tangi, na la moto linatobolewa chini. Matumizi ya kawaida yakifika usawa wa tundu la juu yanakauka, na akiba iliyobaki chini haiguswi. Kwa kuwa umeme hukatika, pampu ya umeme inahitaji mwenzake wa dizeli, na huyo wa dizeli awashwe kila wiki kwa nusu saa, betri yake ikaguliwe, mafuta yake yapimwe. Pampu ya dizeli isiyowashwa kwa miezi sita haitawaka siku ya moto.

Sheria si tatizo kubwa. Tanzania ina Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007, inayotoa mamlaka ya kukagua. Kenya ina kanuni za kupunguza hatari ya moto kazini, nazo za mwaka 2007. Ugumu uko getini. Mkaguzi wa zimamoto mwenye cheo cha koplo anapofika kwenye jengo nyeti, anaambiwa asubiri kibali. Kibali kinatoka kikiwa na sharti la kutopita ghorofa fulani. Anakagua mitungi ya mapokezi na kuondoka. Cheti kinaandikwa kwa jengo zima. Hakuna asiyelielewa shinikizo linalomkabili koplo huyo. Dawa yake ni kikosi kidogo cha wakaguzi wa moto waliochujwa na vyombo vya usalama, wenye kibali cha kudumu cha kuingia kila chumba, ambao ripoti yao inakwenda kwa mtu asiye bosi wa jengo hilo.

Na ripoti hiyo igawanywe. Michoro ya mabomba, mahali pa vitambuzi na namba za milango ni siri, na ibaki siri. Tarehe ya matengenezo ya mwisho haina siri ndani yake. Adui hapati faida yoyote akijua kwamba mitungi ya gesi ya wizara fulani ilipimwa uzito Mei, ilhali mwananchi na mbunge wake wanapata mengi. Kamati za bunge zinazopitia hesabu za serikali zina uwezo wa kudai tarehe hizo zichapishwe pamoja na hesabu, jengo kwa jengo, na kumwita katibu mkuu ambaye safu yake iko tupu.

Jambo la mwisho ni zoezi, na lifanyike usiku, siku ya mapumziko, wakati mlinzi wa zamu ni kijana aliyehamishiwa pale mwezi uliopita. Kituo cha zimamoto cha karibu kipigiwe simu, gari lije na maji yake, na saa ianze kuhesabu tangu linaposimama getini hadi askari wa kwanza anapogusa mlango wa chumba cha seva. Ikiwa geti jipya la kuzuia mabomu ni jembamba kuliko gari la ngazi ndefu, hilo ligundulike usiku ule. Ikiwa ufunguo wa chumba cha pampu uko mfukoni mwa mtu aliyekwenda likizo Moshi, hilo nalo ligundulike. Dakika hizo ziandikwe kwa saini ya ofisa usalama na mkuu wa kituo cha zimamoto, na zoezi lirudiwe ndani ya miezi sita kwa walinzi wengine.